Mwimbaji akiigiza vibaya, aulizwe aliyempa nafasi

Mhariri,

Makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wako wa burudani, ile iliyodai kwamba waimbaji wanaojiingiza katika uigizaji ndio wanaoua filamu zetu, imesomwa sana hapa Moshi, na katika kikundi cha maigizo cha vijana ninaowasimamia huku Pasua imezua mabishano ambayo hadi leo hayajaisha. Mwandishi wako alitafuta mifano ya nje ili kuonyesha kwamba maradhi haya si ya Tanzania peke yake, na mmoja kati ya aliowataja kwa kejeli ni mwimbaji na mwigizaji Kazunari Ninomiya, akimweleza kuwa ni kijana wa kundi la muziki la Kikorea aliyebebwa na sura pamoja na wingi wa mashabiki. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu kati ya wote aliokuwa na uwezo wa kuwachagua, huyu ndiye anayeibomoa hoja yake kuanzia msingi.

Nianze na jambo jepesi. Ninomiya ni Mjapani, mzaliwa wa Tokyo, tarehe 17 Juni 1983, na kundi lake, Arashi, ni la Wajapani watano. Najua kwamba mitaani kwetu kila tamthilia yenye sura za Asia ya Mashariki huitwa ya Kikorea, na wala simlaumu muuza kanda wa pale stendi kwa hilo, lakini gazeti linatarajiwa kuuliza kabla ya kuandika. Wala si kijana tena. Ni mtu mzima aliyevuka miaka 40, mwenye zaidi ya robo karne katika kazi hii.

Namna alivyoianza ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Ninomiya alijiunga na kampuni ya Johnny & Associates mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 13. Kampuni hiyo, ambayo Johnny Kitagawa aliianzisha mwaka 1962, ilichukua wavulana peke yao, wengi wakiwa bado shuleni, na kuwaweka katika daraja la chini ambako mtu hana wimbo wake wala jina lake halipo kwenye bango. Kazi ya mvulana wa daraja hilo ni kucheza shoo nyuma ya waliomtangulia, kubadili nguo gizani kwa sekunde chache, kujitokeza katika vipindi vya runinga akiwa mmoja kati ya vichwa vingi, na akibahatika, kupewa kijinafasi katika tamthilia ya mtu mwingine. Wapo waliokaa hapo miaka na miaka wakaondoka bila kutoa hata wimbo mmoja. Kijana wa gereji hapa mjini anayeshika spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akimtazama fundi mikono hadi siku atakapoachiwa afungue injini mwenyewe, anaijua shule ya aina hiyo vizuri kuliko mwandishi wako.

Arashi walitangazwa rasmi Septemba 1999 wakiwa ndani ya meli huko Honolulu, Hawaii, na wimbo wao wa kwanza ukatoka tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, ukitumika katika matangazo ya Kombe la Dunia la mpira wa wavu lililochezwa Japani. Mkubwa wao, Satoshi Ohno, alikuwa na miaka 18. Sitapoteza wino kuhesabu nyimbo zao, kwa kuwa hoja yangu haiko huko. Inatosha kusema kwamba mkusanyiko wa nyimbo zao uliotoka mwaka 2019 ndio uliotajwa na shirikisho la kimataifa la watayarishaji wa muziki kuwa albamu iliyouzwa kwa wingi kuliko zote duniani mwaka huo. Mwandishi wako ana haki ya kusema kwamba mtu mwenye mashabiki wengi kiasi hicho anaweza kupewa filamu yoyote anayoitaka. Anachopaswa kutazama ni filamu gani alipewa, na nani alimpa.

Mwaka 2003 alimpata Yukio Ninagawa, mwongozaji mzee wa jukwaani ambaye michezo yake ya Shakespeare ilisafiri hadi Uingereza na ambaye hakuwa na sifa ya kuwabembeleza waigizaji. Ninagawa alimpa nafasi ya mwanafunzi wa sekondari anayepanga kumuua baba yake wa kambo. Katika kazi kama hiyo kijana hana mahali pa kutabasamu ili mashabiki wapige kelele. Kisha ikaja ile iliyomfanya aonekane duniani, Letters from Iwo Jima ya mwongozaji Clint Eastwood, mwaka 2006, filamu ya Kimarekani inayozungumzwa karibu yote kwa Kijapani, kuhusu askari wa Kijapani wanaokilinda kisiwa cha Iwo Jima dhidi ya Wamarekani katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyoingia katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu bora na kuondoka na tuzo ya uhariri wa sauti. Nafasi yake ndani ya filamu hiyo aliipata kwa usaili.

Nimeitazama na vijana wangu, tukiisimamisha kila mara ili nieleze maneno, na naomba mhariri aniruhusu nikae hapa kidogo. Ninomiya anaigiza kama Saigo, mwoka mikate aliyechukuliwa jeshini kwa lazima. Hana cheo, mwili wake ni mdogo, hajui kulenga shabaha, na tunapokutana naye anachimba mahandaki ufukweni huku akinung'unika kwamba kisiwa hicho kibaya heri wangewaachia Wamarekani. Kwa maneno hayo anapigwa na mkubwa wake, hadi jenerali, anayeigizwa na Ken Watanabe, anapoingilia kati. Baadaye tunarudishwa nyuma hadi usiku ambao barua ya kuitwa vitani ililetwa nyumbani kwake: mke wake mjamzito analia, naye anainama na kulisemesha tumbo lile, akimwahidi mtoto kwa sauti ya siri kwamba baba atarudi akiwa hai. Wakati huo ahadi hiyo ilikuwa karibu sawa na uhaini, na Ninomiya anaitamka kwa upole na utani kidogo, kama baba anayemzuga mtoto asilie. Mmoja wa mabinti katika kikundi chetu aliniuliza kwa nini hakulia yeye mwenyewe katika onyesho lile. Nilimwomba airudie sehemu hiyo akitazama mikono tu.

Kuna pia sehemu ambayo Saigo anatumwa kwenda kumwaga ndoo ya choo cha askari walio pangoni, na akiwa huko nje ndipo anapoziona meli za adui zimejaa baharini hadi upeo wa macho. Namwomba mwandishi wako afikirie nyota wetu yeyote wa leo, mwenye wafuasi wake mtandaoni, akipelekewa mswada unaomtaka abebe ndoo ya kinyesi mbele ya kamera. Ningependa kuwa karibu nisikie jibu la meneja wake.

Baada ya Iwo Jima angeweza kustarehe. Mwaka 2010 alicheza tamthilia ya runinga kuhusu kijana anayeacha kazi yake ya kwanza baada ya miezi mitatu tu, akabaki nyumbani akila na kulala, hadi mama yake anapougua sonona na yeye kulazimika kuamka na kwenda kufanya kibarua cha ujenzi. Hiyo nisingehitaji kuwaelezea vijana wa Majengo au wa Ngaramtoni. Wengi wanayaishi maisha hayo wakiwa na vyeti vyao ndani ya bahasha. Mwaka 2015 akafanya kazi na Yoji Yamada, mwongozaji aliyekuwa amevuka miaka 80, katika filamu ya mama wa Nagasaki anayetembelewa na mwanawe aliyeuawa na bomu la atomiki tarehe 9 Agosti 1945. Mama aliigizwa na Sayuri Yoshinaga, gwiji wa sinema ya Japani. Mwanzoni tunamwona mwana huyo, mwanafunzi wa udaktari, ameketi darasani na chupa ya wino mbele yake. Mwanga unakuja, chupa inayeyuka, na basi, hatuonyeshwi maiti. Kutoka hapo Ninomiya anaigiza mzimu anayeongea bila kukoma, anayecheka, anayemuonea wivu mchumba wake aliyebaki hai, mzimu wa kijana ambaye hajakubali kwamba amekufa. Kwa kazi hiyo Chuo cha Filamu cha Japani kilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2016. Tuzo hiyo hutolewa kwa kura za watu wa tasnia wenyewe, watu wasio na sababu ya kumwonea haya mwimbaji.

Nitaongeza moja tu. Mwaka 2022 alimwigiza Hatao Yamamoto, mtu wa kweli, Mjapani aliyeshikiliwa katika kambi za Kisovieti huko Siberia baada ya vita na kufia huko mwaka 1954. Yamamoto aliandika wosia kwa familia yake, lakini maandishi yote yalikuwa yakinyang'anywa, kwa hiyo wenzake waligawana sehemu za wosia huo, wakazishika kichwani, na walipoachiliwa wakazipeleka kwa mjane na watoto neno kwa neno. Sisi tuliokuzwa na bibi walioweza kukutajia ukoo mzima bila daftari tunapaswa kuitafuta filamu hii kabla ya watu wengine wote.

Sasa nirudi nyumbani. Mwandishi wako anaona mwimbaji ameshindwa kuigiza, anahitimisha kwamba waimbaji wabaki na maikrofoni. Hapa Kaskazini hatukuwa na ubaguzi wa aina hiyo katika mambo mengine: rapa Nikki wa Pili wa kundi la Weusi, lililotokea Arusha, aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, na sikumbuki gazeti lililoandika kwamba utawala waachiwe wenye fani. Kipaji kimoja hakimzuii mtu kuwa na cha pili. Kinachomzuia ni kutofundishwa, na kupewa kila mara nafasi ileile ya tajiri kijana mwenye gari jeupe, miwani myeusi na wasichana wawili.

Nasema hivi kwa kuwa nimeona. Vijana wangu waliitwa kuwa watu wa pembeni katika filamu moja iliyopigwa huku kwetu, ambayo sitaitaja, na mhusika mkuu alikuwa mwimbaji anayependwa sana. Alitakiwa kulala kitandani kama mgonjwa wa ajali. Alifika mchana wakati watu walikuwa wakimngoja tangu asubuhi, hakuwa ameusoma mswada, na alikataa kuvua mkufu wa dhahabu kwa maelezo kwamba mashabiki wake wanamtambua kwa mkufu huo. Mgonjwa mahututi akalala na mkufu shingoni. Mwongozaji hakuthubutu kusema neno, kwa kuwa fedha za filamu zilitoka kwa mtu aliyemtaka mwimbaji huyo na hakumtaka mwingine. Hakukuwa na usaili. Binti mmoja kutoka Kiboriloni, ambaye angeweza kuibeba nafasi ya muuguzi na kuwafunika wote, aliambiwa apite na trei nyuma, mara mbili. Katika hali hiyo, Mhariri, mwimbaji ana kosa lake, lakini aliyegawa nafasi ana kubwa zaidi, na ndiye ambaye makala ile haikumgusa kabisa.

Lakini nikiishia kwenye sifa za malezi ya Kijapani nitakuwa nimeandika tangazo, na wapo wasomaji watakaosema basi tuanzishe kampuni kama ile, tuwachukue watoto wakiwa na miaka 13 na tuwanyooshe. Hapana. Kampuni iliyomlea Ninomiya ilikuwa na giza ndani yake. Jarida moja la Japani liliandika tangu mwaka 1999 kwamba Kitagawa aliwadhulumu kingono wavulana waliokuwa chini yake. Kitagawa akashtaki, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufani ya Tokyo ikaona kwamba sehemu ya msingi ya tuhuma hizo ilikuwa ya kweli. Pamoja na hukumu hiyo, vyombo vikubwa vya habari vilikaa kimya, kwa kuwa kila kituo cha runinga kilihitaji vijana wa kampuni hiyo katika vipindi vyake. Kitagawa alifariki Julai 2019 akiwa anaenziwa. Ni baada ya BBC kurusha kipindi chake Machi 2023 ndipo waathirika walipoanza kusikilizwa, na Septemba mwaka huo kampuni yenyewe ikakiri hadharani, mkuu wake akajiuzulu, na mwezi uliofuata jina lililodumu miongo sita likafutwa. Ninomiya aliondoka katika kampuni hiyo Oktoba 2023 na kuanza kujisimamia, huku akibaki mwanachama wa Arashi; na mwaka 2024 wote watano wakaunda kampuni yao wenyewe kwa ajili ya shughuli za kundi.

Ukimya ule wa vyombo vya habari unakuhusu wewe na mimi pia. Ukurasa wa burudani unaoishi kwa picha za nyota utashindwa kumuuliza meneja wa nyota huyo maswali magumu, na mwenye watoto wadogo mikononi atajua kwamba hataulizwa. Sisi tunaosimamia vikundi vya vijana tumejiwekea utaratibu kwamba hakuna mazoezi ya usiku bila mzazi au mlezi mwingine kuwapo, na kwamba mtoto haendi kwenye usaili wa mjini peke yake. Baadhi ya wazazi walituona tunajifanya wakali. Nina hakika wangetuelewa haraka zaidi kama magazeti yangeandika habari za Tokyo kwa kirefu zilipotokea.

Kampuni hiyohiyo ya Kitagawa ndiyo sababu mojawapo ya jina la Ninomiya kutofahamika kwetu, na labda ndiyo inayomtetea kidogo mwandishi wako. Kwa miaka mingi haikuruhusu picha za wasanii wake ziwekwe kwenye intaneti. Hata magazeti ya Japani yalipoweka habari zao mtandaoni yalikuwa yakiacha kivuli cheupe mahali pa sura. Nyimbo hazikupatikana kwenye simu. Wakorea wakafanya kinyume, wakaachia video zao bure, na ndiyo maana leo katika saluni za Arusha, kuanzia Kaloleni hadi Sakina, utawakuta mabinti wanaowajua waimbaji wa Seoul kwa majina na siku za kuzaliwa. Arashi walifungua milango mwishoni mwa mwaka 2019, wakiwa wamekwisha kutangaza Januari ya mwaka huo kwamba wangesimamisha shughuli za kundi ifikapo mwisho wa 2020. Onyesho lao la Desemba 31, 2020 walilifanya Tokyo Dome bila watazamaji ukumbini kwa sababu ya korona. Mei 2025 wakatangaza kwamba watalihitimisha kundi baada ya ziara ya mwaka 2026. Ninomiya mwenyewe anaendelea na sinema: filamu yake ya 2025, inayomhusu mtu aliyepotea katika njia ya chini ya ardhi ya treni na ambaye hata jina hana, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Tena nafasi isiyo na gari jeupe.

Ombi langu kwa ukurasa wako ni dogo na linatekelezeka. Mwandishi anapohakiki filamu ya nyumbani yenye mwimbaji ndani yake, asiishie kutuambia kwamba aliigiza vibaya. Amtafute mtayarishaji amuulize kama usaili ulifanyika na ulitangazwa wapi. Amuulize mwongozaji ni siku ngapi za mazoezi zilikuwapo kabla ya kamera kuwashwa. Aulize kama waigizaji wa pembeni walilipwa siku ileile au waliambiwa warudi wiki ijayo. Vijana waliohitimu Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wapo hapa Moshi na Arusha, wengine wanaendesha bodaboda, na hakuna anayewapigia simu filamu inapokuja kupigwa chini ya Kilimanjaro kwa sababu ya mandhari. Na panapokuwa na mtoto chini ya miaka 18 katika filamu au katika kundi la muziki, mwandishi aulize nani alitia saini kwa niaba yake, na kama mzazi alipewa nakala ya mkataba ule kwa Kiswahili anachokielewa.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi